Agostinho da Cruz, Mtawa Aliyemtungia Mungu Mashairi

Wako Wakristu wanaofikiri kwamba mtu akijitoa kwa Mungu, sharti aviache vipaji vyake mlangoni mwa nyumba ya watawa. Maisha ya Mreno huyu yanatufundisha vingine.

Agostinho Pimenta alizaliwa mwaka 1540 huko Ponte da Barca, kaskazini ya Ureno. Ndugu yake mkubwa, Diogo Bernardes, alikuwa pia mtunga mashairi mwenye sifa. Kijana Agostinho alitumikia nyumbani mwa Duarte, mjukuu wa Mfalme Manuel wa Kwanza. Huko alitunga mashairi ya mapenzi ya dunia.

Mwaka 1560 aliacha hayo yote, akaingia kwa Wafransisko wa Arrábida, katika nyumba ya Msalaba Mtakatifu kwenye milima ya Sintra. Ndiyo sababu akaitwa Agostinho da Cruz, maana yake Agostino wa Msalaba. Watawa wale walikuwa maskini kweli. Milango ya vyumba vyao ilikuwa mifupi hata mtu aingie kwa kuinama. Ndani walibandika maganda ya miti kuzuia baridi.

Katika shairi moja asema mwenyewe kwamba alichoma moto mashairi ya ujana wake, akilia kwa haya. Lakini kipaji hakukichoma. Tangu hapo alimwimbia Yezu msulibiwa, Bikira Maria, toba, na milima na bahari, kazi ya Muumba.

Diogo alifuata njia nyingine. Mwaka 1578 alikwenda na Mfalme Sebastião vitani Moroko. Mfalme akafa, Diogo akatekwa.

Agostinho alitamani sana kukaa peke yake na Mungu. Hata hivyo hakutoroka: alingoja miaka 45 katika utii. Mwaka 1605 wakubwa wake wakampa ruhusa, akaenda kukaa upweke katika mlima Arrábida, juu ya bahari. Alifariki Setúbal tarehe 14 Machi 1619. Kitabu cha mashairi yake kilichapwa Lisbon mwaka 1771, miaka 152 baada ya kufa kwake.

Basi, wewe unayejua kuimba, kupiga ngoma au kutunga nyimbo, usiogope kipaji chako. Jiulize tu: ninamwimbia nani? Na kama jibu linakuletea haya, geuza wimbo, usinyamaze.