Bei za vyakula kwa rununu: Gunia lipi, na la siku gani?

Kwa miaka mingi mkulima aliyeuzia mazao yake shambani alijua bei ya mjini kwa kuambiwa na dalali, yaani mtu yule yule aliyekuja na lori kumpunja.

Shirika la KACE lilianzishwa mwaka wa 1997 ili kuiondoa siri hiyo. Lilikusanya bei masokoni na baadaye kuzisambaza kwa arafa. Mnamo 2010, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka walianzisha M-Farm, ambapo mkulima alituma arafa kwa nambari 3535 na kujibiwa bei ya zao lake. Wizara ya Kilimo nayo ina mfumo wa KAMIS, unaoonyesha kwenye mtandao bei za jumla na za rejareja katika masoko mbalimbali nchini.

Kuituma bei ni kazi rahisi. Ugumu umo katika kipimo. Mahindi huuzwa kwa jumla kwa gunia la kilo 90, lakini mama mboga huyapima kwa gorogoro, mkebe wa kilo mbili hivi. Nyanya huuzwa kwa kreti, sukumawiki kwa fungu, na hakuna mafungu mawili yanayolingana.

Viazi ndivyo vilivyozua mzozo mkubwa zaidi. Kanuni za mwaka wa 2019 zilipiga marufuku gunia linalozidi kilo 50, kwa sababu wanunuzi walizoea kulirefusha kwa kamba na kulijaza kupita mdomo wake. Mathalani, arafa ikisema gunia ni Sh3,000, kilo moja ni Sh60. Mkulima akishurutishwa kujaza kilo 75 kwa bei iyo hiyo, kilo imeshuka hadi Sh40, ingawa arafa haikudanganya.

Tarehe pia ina uzito wake. Bei ya nyanya ya asubuhi huweza kuporomoka kabla ya adhuhuri malori yakifika kwa wingi. Aidha, bei ya Nairobi si ya shambani: sharti itolewe nauli, ushuru wa kaunti na gharama ya mazao yatakayooza njiani.

Hata hivyo, wapo wanaoyajua hayo yote na bado huuza kwa hasara. Dalali hulipa taslimu papo hapo, na karo ya shule haingoji soko lipande.