Ghala ya muhogo ni udongo: historia fupi toka Ludara

Leo tuongelee akiba ya chakula. Nchi za baridi watu wanavuna viazi na karoti kabla ya theluji, wanavifukia kwenye mchanga mpaka baridi iishe. Kwetu theluji hakuna. Adui yetu ni kiangazi, Desemba mpaka Februari, na akiba yetu ni muhogo.

Muhogo wenyewe ni mgeni kama sisi. Ulitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakauleta pwani ya Kongo na Angola miaka ya 1500, ukaingia bara pole pole. West Nile iliingizwa Uganda mwaka 1914, na serikali ya kikoloni ikawa inalazimisha watu wapande muhogo kama akiba ya njaa. Nzige wakimaliza majani, mizizi inabaki. Ukiung'oa, siku 2 au 3 umeharibika. Ukiuacha chini, unakungoja hata mwaka. Kwa hiyo ghala yake ni udongo wenyewe.

Lakini ghala hiyo haibebeki. Amin alipoanguka 1979 na vita kufika huku 1980, watu wengi wa Koboko walikimbilia Zaire na Sudan, mihogo ikabaki ardhini. Sisi tuliovuka kuja upande huu tuliacha ya kwetu vilevile. Leo tunalima shamba la kuazima. Mwenyewe akilitaka, tunang'oa yote kwa mara moja.

Ndiyo maana tuko na kazi ya kukausha. Wamama wanamenya, wanaloweka siku 3 au 4 mpaka ulainike, wanavunja vipande na kuanika juu ya mwamba au turubai. Makopa yakikauka vizuri yanakaa miezi, dumuzi asipoingia.

Kwenye kuloweka hapana mchezo. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi. Kule Kwango, Kongo, mwaka 1938 iliandikwa habari ya konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla. Unawapata watu wanaokula kwa wiki nyingi muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, bila maharage wala samaki. Jina lenyewe maana yake ni miguu iliyofungwa. Na hapa Uganda, Kasese, Septemba 2017, unga wa muhogo uliugulisha watu 98, wawili wakafa. Mgao wetu ulipunguzwa kwa asilimia 30 mwaka 2020, na toka hapo njaa inatuambia siku moja ya kuloweka inatosha. Haitoshi.

Wazee wengi wa hapa walishakuwa wakimbizi ng'ambo, wanajua uchungu wa kuacha shamba. Basi tukienda kwao kuomba ardhi, tusiombe ukubwa tu. Tuombe na muda: makubaliano yafike mpaka muhogo ukomae na tuung'oe kidogo kidogo. Aliye na muda kwenye ardhi, huyo ndiye mwenye ghala.