Pembe Tano, Mitungi, na Watu Wasio na Jina: Kuzunguka Makumbusho Madogo ya Guangzhou



Tukitaja Uchina na Uswahilini mahali pamoja, akili za wengi wetu hukimbilia kwa Zheng He na yule twiga wa Malindi aliyefikishwa kwenye kasri ya mfalme wa Ming mwaka 1415. Twiga huyo masikini kachoka sasa. Kila hotuba ya kibalozi lazima apandishwe jukwaani, apigiwe makofi, ashushwe. Mimi leo nataka niwapeleke kwenye mji ambao nadhani unatuhusu zaidi kuliko twiga: Guangzhou, ambao wasafiri wa Kiarabu wa zamani waliuita Khanfu na Wazungu wakauita Canton.

Nilikwenda kwa shughuli ya mkutano, nikaongeza siku nne kwa makusudi ya kuzunguka makumbusho. Yale makumbusho makubwa ya jimbo la Guangdong, yaliyofunguliwa mwaka 2010 katika mji mpya wa maghorofa, niliyaacha kwa siku ya mwisho. Nilianza na yale madogo yaliyotawanyika mitaani, kila moja na kitu chake: kaburi la mfalme, mnara wa zamani, nyumba ya ukoo, kumbukumbu ya wafanyabiashara. Swali langu lilikuwa moja tu: je, pwani yetu imo humu? Na kama imo, imo kwa sura gani?

Nianze na kaburi. Juni 1983, mafundi waliokuwa wakichimba misingi ya majengo kwenye kilima cha Xianggang waligonga mawe ya kaburi ambalo halijaguswa na wezi kwa miaka zaidi ya elfu mbili. Alikuwa ni Zhao Mo, mfalme wa pili wa Nanyue, dola iliyotawala pande hizi mpaka ilipomezwa na Wahan mwaka 111 K.K. Alifariki karibu na mwaka 122 K.K. Makumbusho yakajengwa palepale juu ya kaburi. Watu wengi huenda kutazama vazi lake la maziko la vipande vya yaspi vilivyoshonwa kwa nyuzi za hariri. Mimi nilikwenda kutazama pembe. Ndani ya kaburi zilikutwa pembe nzima tano za ndovu, na wataalamu wa huko, kwa kuangalia umbo lake, walisema ni za ndovu wa Afrika. Pamoja nazo kulikutwa kibweta cha fedha chenye mtindo wa Kiajemi, na vipande vya utomvu vilivyotambuliwa kuwa ni ubani.

Sasa hapa tuwe waangalifu. Pembe hizo hazithibitishi kwamba kuna mtu wa pwani yetu aliyefika Guangzhou zama hizo. Waswahili kama tunavyowajua walikuwa hata hawajakuwa. Periplus, ile risala ya mabaharia iliyoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 B.K., inataja pembe zikitoka kwa wingi Rhapta, soko la mwisho la Azania. Lakini kati ya kaburi na risala hiyo kuna zaidi ya miaka 150. Pembe ziliweza kupita mikono kumi, kwa njia ya Uarabuni na India, na kila mkono usijue mkono wa tatu ni wa nani. Ndiyo maana nasema tusishangilie upesi. Ila jambo moja liko wazi: bidhaa zilitangulia watu. Na ndani ya kaburi hilohilo kuna mifupa ya watu 15 waliozikwa pamoja na mfalme ili wamtumikie akhera. Nao waliorodheshwa pamoja na vyombo. Naomba mlishike jambo hili, nitalihitaji mbele.

Kutoka hapo nilishuka kwenda mtaa wa Guangta, kwenye msikiti wa Huaisheng. Kwa sheria huo si makumbusho, ni mahali pa ibada, lakini unafunza kuliko makumbusho mengi. Mnara wake mweupe, wa mviringo, uliwaongoza manahodha wanaoingia mto Lulu. Pana jiwe la mwaka 1350, lililoandikwa Kiarabu na Kichina, linaloeleza kujengwa upya kwa msikiti. Eneo hili ndilo lilikuwa mtaa wa wageni zama za Tang na Song. Maandishi ya Kiarabu ya mwaka 851 yanasema mtawala wa Uchina alimweka Mwislamu mmoja awahukumu Waislamu wenziwe wa Khanfu kwa sheria yao. Yaani kadhi, wala si maneno ya kupamba.

Lakini maisha ya wageni hayakuwa ya amani tu. Vitabu vya Tang vinasema mwaka 758 Waarabu na Waajemi waliuvamia mji huo, wakachoma maghala, wakatokomea baharini. Karne moja baadaye, mwaka 879, waasi wa Huang Chao waliuteka. Abu Zayd wa Siraf anaandika kwamba Waislamu, Wayahudi, Wakristo na Wamajusi 120,000 waliuawa, na anaongeza kwamba idadi ilijulikana kwa sababu walikuwa wakitozwa kodi ya kichwa. Idadi inaweza kuwa imetiwa chumvi. Ila mtu yeyote aliyewahi kuishi ugenini kwa kibali ataelewa maana ya kujulikana kwa kichwa siku ya kodi na siku ya kuchinjwa.

Siku ya pili nilipanda bustani ya Yuexiu kwenye mnara wa Zhenhai, jengo jekundu la ghorofa tano lililoanzishwa mwaka 1380, ambalo tangu 1929 ni makumbusho ya mji. Unapanda ngazi, na historia inapanda nawe. Mbele ya vyombo vya udongo nilisimama sana, maana mawazo yalinirudisha Lamu. Neville Chittick alipochimba Manda, na Mark Horton alipochimba Shanga miaka ya 1980, miongoni mwa vigae walikuta vya mitungi mizito yenye rangi ya kijani, isiyo na urembo, iliyochomwa kwenye matanuru ya Guangdong. Wenzetu wanapenda kupiga picha zile sahani za kaure zilizopachikwa kwenye makaburi na zidaka. Mtungi haupigwi picha. Lakini mtungi ndio ushahidi mzito, kwa sababu ulikuwa chombo cha kubebea, kama vile pipa au gunia. Popote mtungi ulipofika, biashara ilifika.

Jahazi la Belitung linatuonyesha mambo yalivyokuwa. Lilizama Indonesia karibu na mwaka 830, likagunduliwa 1998. Lilibeba vyombo kama 60,000, vingi bakuli za Changsha, zilizopangwa ndani ya mitungi hiyohiyo ya Guangdong. Na jahazi lenyewe lilishonwa kwa kamba bila ya msumari, kama mitepe yetu, na kati ya mbao zake zimo za jamii ya mbambakofi kutoka Afrika. Haya, niambieni: mti wa kwetu, ushonaji tunaoujua, shehena ya Uchina, katika karne ya 9. Leo vitu hivyo viko Singapore, kwenye taa nzuri na kiyoyozi. Sisi tulikuwa na mfano wa mtepe ndani ya Beit al-Ajaib, Unguja. Na Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka, mafundi wawili wakapoteza maisha.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikosesha usingizi. Bidhaa zetu niliziona, watu je?

Watu wamo, lakini vitabuni. Zhu Yu, ambaye baba yake alikuwa ofisa hapo Guangzhou, alimaliza mwaka 1119 kitabu kiitwacho Pingzhou ketan. Anaeleza kwamba matajiri wa mji walifuga watumwa weusi wenye nguvu nyingi, ambao watu waliwaita kwa jina lenye maana ya watumwa-mashetani. Anasema walipopewa chakula kilichopikwa waliharisha siku kadhaa. Wengine walikufa, na aliyepona ndiye aliyefaa kufugwa. Anasema wakikaa sana waliweza kuelewa lugha ya wenyeji lakini wao wenyewe hawakuweza kuisema. Wengine, wanaoitwa Kunlun, waliweza kupiga mbizi bila ya kufumba macho.

Je, hawa walikuwa watu wetu? Wasomi hawakubaliani. Neno Kunlun mwanzoni lilitumika kwa watu wa visiwa vya kusini-mashariki ya Asia, na baadhi ya waliotajwa huenda walitoka huko. Lakini Zhou Qufei mwaka 1178, na Zhao Rugua mwaka 1225, wanataja watu weusi wenye nywele za kipilipili wanaokamatwa kwenye kisiwa cha bahari ya magharibi na kuuzwa nchi za Waarabu. Zhao huyohuyo anaitaja Cengba, yaani pwani ya Zanj, na bidhaa zake: pembe, dhahabu, ambari. Kwa hiyo sioni njia ya kulikwepa jambo hili kwa kusema tu kwamba "haijathibitishwa".

Na upande wa pili wa sarafu, historia rasmi ya Song inasema wajumbe wa nchi iitwayo Cengtan walifika mwaka 1071 na tena 1083, baada ya safari ya siku 160 kwa bahari iliyoishia Guangzhou, wakapewa heshima na fedha nyingi. Wako wanaosema Cengtan ni Zanj; wako wanaosema ni nchi ya Sultani wa Kiseljuk. Mjadala ungalipo. Lakini ikiwa ni Zanj, basi tazameni: katika muda wa miaka hamsini hivi, bandari hiyohiyo ilimpokea mtu mweusi kama balozi na kumfuga mtu mweusi kama mnyama. Tofauti haikuwa ngozi. Tofauti ilikuwa amekuja na nani, kwa karatasi gani, na nani alimuuza njiani. Na waliomuuza, tuseme ukweli, hawakuwa Wachina peke yao. Mlolongo ulianzia kwetu.

Katika makumbusho nilizozunguka sikumkuta mtumwa wa Zhu Yu kwenye kabati lolote. Zile pembe tano zina taa na maelezo. Yeye hana. Ndiyo maana niliwaomba mwishike mifupa ile 15: angalau wale walihesabiwa.

Makumbusho ya Nyumba Kumi na Tatu yamo ndani ya bustani ya utamaduni, karibu na pale wafanyabiashara wa Kizungu walipobanwa kuishi zama za mfumo wa Canton, kuanzia 1757 hadi 1842. Yalifunguliwa mwaka 2016. Humo nilimkumbuka Edmund Roberts, Mmarekani aliyekuwa amefanya biashara Unguja na kukutana huko na Sayyid Said mwaka 1828. Mwaka 1832 serikali yake ilimtuma kwa manowari ya Peacock. Akapita Canton, akaweka mkataba na Siam, kisha tarehe 21 Septemba 1833 akauweka na Sayyid Said huko Maskati. Mkataba huo ndio uliowafungulia mlango Wamarekani Unguja, na ndipo tulipopata marekani, ile nguo iliyovalisha bara lote la Afrika Mashariki. Roberts akafa Macau mwaka 1836. Historia yetu ya karne ya 19 tumezoea kuisoma kutokea Bombay na London. Yafaa tuisome na kutokea mto Lulu.

Mwisho, nyumba ya ukoo wa Chen, iliyomalizika mwaka 1894, ambayo ni makumbusho ya sanaa za mikono tangu 1959. Guangzhou ni mji maarufu kwa uchongaji wa pembe: tufe ndani ya tufe ndani ya tufe, kazi ya kustaajabisha kweli. Nilitazama kwa mashaka. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku mwaka 1989, na Uchina ilifunga soko lake la ndani mwishoni mwa 2017. Kati ya hapo ndovu wa Selous na Ruaha walichinjwa kwa maelfu. Tufe ni la Guangzhou, ndovu ni wa kwetu, na waliompiga risasi ni wa kwetu vilevile.

Jioni nilikula Xiaobei, mtaa wa Waafrika. Kiswahili unakisikia bila ya kukitafuta: mama wa Kariakoo anapiga bei ya mapazia, kijana wa Goma anasimamia kontena. Hawa ndio watumishi wa bahari ile ile, ila sasa wana pasipoti. Na bado: Julai 2009 Mnigeria mmoja aliruka dirishani akikimbia ukaguzi wa pasipoti, akaumia vibaya, na Waafrika wakaandamana. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi walitolewa majumbani na mahotelini wakalala barabarani, mpaka mabalozi wa Afrika Beijing wakaandika barua ya malalamiko. Ukisoma Zhu Yu asubuhi na ukaongea na watu wa Xiaobei jioni, huhitaji mhadhara.

Nina mambo mawili ya kuomba. La kwanza: vijana wetu wengi sasa wanasoma vyuo vya Uchina na wanakijua Kichina vizuri. Wapewe kurasa hizo za Zhu Yu, Zhou Qufei na Zhao Rugua wazitafsiri moja kwa moja kwa Kiswahili, tuache kuzipokea kupitia Kiingereza. La pili: wafanyabiashara wa Xiaobei wanazeeka, wengine wamesharudi. Risiti zao, barua zao, picha zao, tuzikusanye na tuwarikodi sauti wakiwa hai. Tusingoje miaka mia tisa mtu mwingine aandike kwamba walielewa lugha lakini hawakuweza kuisema.