Nani Apokee Posho ya Mtoto: Mjadala wa Uingereza Wakati wa Vita

Ustawi wa jamii, yaani wajibu wa dola kuwakinga raia dhidi ya ufukara, maradhi na uzee usio na tegemeo, mara nyingi huelezwa nchini Uingereza kuwa tunda la Vita Kuu ya Pili ya Dunia yenyewe, kana kwamba mabomu yaliyowaangukia matajiri na maskini yalitosha kuzaa huruma. Maelezo hayo, yaliyopata nguvu kupitia kazi ya mtafiti Richard Titmuss ya mwaka 1950, yana ukweli ndani yake, lakini yanawasahau watu waliobishana.

Mabishano yalianza mapema. Mnamo Septemba 1939 watu wapatao milioni 1.5, wengi wao watoto, walihamishwa kutoka miji ya Uingereza ili kuepushwa na mashambulizi ya ndege, na wenyeji waliowapokea waliwakuta baadhi yao wana chawa, viatu vimetoboka na hawana nguo za kubadilisha. Wapo waliowalaumu akina mama kwa uzembe, na wapo waliojibu kwamba umaskini uliokuwa umefichwa mijini ndio uliojitokeza hadharani.

Mwanzoni mwa Desemba 1942 ilitolewa ripoti ya mchumi William Beveridge kuhusu bima ya jamii, yaani mpango ambao kila mfanyakazi huchangia ili apate msaada anapougua, anapokosa kazi au anapozeeka. Watu walipanga foleni jijini London kununua waraka huo mzito uliojaa takwimu, na ukichanganywa na muhtasari wake wa bei nafuu, ziliuzwa nakala zaidi ya 600,000. Serikali ilisitasita: kijitabu alichokiandika Beveridge mwenyewe kwa ajili ya mijadala ya askari kiliondolewa na Wizara ya Vita siku mbili tu baada ya kutolewa, hatua iliyozidisha shauku ya watu badala ya kuizima. Ilipofika Februari 1943, wabunge wapatao 120, wengi wao wa chama cha Labour kilichokuwa ndani ya serikali ya mseto, walipiga kura kuipinga serikali kwa kusuasua kwake.

Hata hivyo, nguvu ya mjadala inaonekana vizuri zaidi katika jambo dogo kuliko ripoti nzima, nalo ni swali la mkono utakaopokea fedha. Muswada wa posho za familia wa mwaka 1945 uliweka shilingi 5 kwa juma kwa kila mtoto baada ya yule wa kwanza, ilhali Beveridge alikuwa amependekeza 8, na kwa mujibu wa muswada huo posho ilikuwa mali ya baba. Mbunge Eleanor Rathbone, aliyekuwa ameitetea posho hiyo tangu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alitangaza kuwa afadhali aupinge muswada alioupigania kwa miaka mingi kuliko kukubali sheria inayomhesabu mama, anayepika, kufua na kuuguza, kuwa si kitu. Vyama vya wanawake vilimuunga mkono, serikali ikawaachia wabunge wapige kura kwa dhamiri zao, na fedha zikawa za mama.

Jumanne tarehe 6 Agosti 1946, akina mama walipoanza kupokea posho hiyo kwenye madirisha ya posta, Rathbone alikuwa amefariki miezi saba iliyotangulia.