Kinyinya, Kilima Kilichorusha Kiswahili

Redio na Kigali vikitajwa pamoja, wengi hukumbuka RTLM, kituo kilichoanza kutangaza Julai 1993 na kuchochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Ni haki kikumbukwe hivyo. Lakini mji huohuo ulikuwa na redio nyingine, iliyowafikia wasikilizaji wa Kiswahili wengi ambao hawakujua kwamba imo Rwanda.

Mwaka 1965, miaka mitatu tu baada ya uhuru wa Rwanda, Deutsche Welle (DW), redio ya kimataifa ya Ujerumani, ilianza kurusha matangazo yake kwa Afrika kutoka Kinyinya, kaskazini mwa Kigali. Vipindi vilitengenezwa Köln, baadaye Bonn. Kigali ilivipokea na kuvirusha upya kwa masafa mafupi. Mtangazaji alitaja Ujerumani, basi aliyekuwa Tabora au Bukavu aliamini sauti inatoka huko moja kwa moja.

Mitambo ilifika minne, kila mmoja wa kilowati 250, umeme unaotosha kuwasha balbu 2,500 za wati 100. Antena za nyaya ziliyaelekeza mawimbi juu, na tabaka la anga lenye chembe za umeme likayarudisha ardhini mamia ya kilomita mbali, hata maelfu. Tabaka hilo hubadilika kwa jua, ndiyo maana masafa ya asubuhi hayakufaa usiku. Msikilizaji naye alizungusha kitufe polepole, akavuka miluzi na mikwaruzo mpaka sauti ikatulia. Ikianza kufifia, akaisogeza redio dirishani.

Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, Wajerumani 11 walikwama kituoni, wakaokolewa na askari wa miavuli wa Ubelgiji. Kisa hicho kilichangia Ujerumani kuunda kikosi maalumu cha KSK mwaka 1996. Simulizi za uokoaji huo huwataja kwa nadra Wanyarwanda waliofanya kazi palepale, na pengo hilo linaniuma.

Mitambo ilirudi hewani, ikazimwa kabisa 28 Machi 2015. FM na simu zilikuwa zimewachukua wasikilizaji, na umeme wa masafa mafupi ni ghali. Leo Idhaa ya Kiswahili ya DW, iliyoanzishwa 1963, husikika sana kupitia vituo washirika vya FM. Sauti ni safi, lakini serikali ikikikasirikia kituo mshirika, huweza kukifunga. Wimbi la Kinyinya lilivuka mpaka bila kuomba kibali.

Sasa Kinyinya imetengewa mradi wa makazi wa Green City Kigali. Pawekwe basi kibao penye njia ya watu, chenye miaka ya 1965 na 2015 na majina ya Wanyarwanda waliofanya kazi kwenye mitambo ile.