Gati la Fulton, Chini ya Daraja



Biharusi wetu mmoja aliyeolewa Marekani ametutumia picha akiwa na gauni na shela tuliyomshonea hapa dukani. Mashallah, kapendeza. Amesimama kwenye gati la mbao, maji yako nyuma yake, na juu limepita daraja kubwa la mawe na nyaya. Wateja wakiiona hawaulizi bei ya kitambaa, wanauliza ni wapi. Ni Fulton Ferry, Brooklyn, ndani ya jiji la New York. Maharusi wengi hufika hapo kupiga picha. Tukaanza kusoma habari za gati hilo, na usiku ule cherehani ikalala.

Brooklyn iko ng'ambo ya Manhattan, na katikati yao ni East River. Jina linasema mto, lakini ni mkono wa bahari, maji ya chumvi yanayojaa na kupwa kama haya yetu. Mwaka 1642 Mholanzi Cornelius Dircksen alikuwa akivusha watu hapo kwa mashua. Kwa zaidi ya miaka 150 ilikuwa ni makasia na tanga. Upepo ukikataa, unangoja. Agosti 1776 jeshi la George Washington, askari kama 9,000, lilishindwa vita Brooklyn likavushwa usiku kwa usiku kutoka hapo. Alfajiri ukungu ukawafunika mpaka wakamaliza.

Tarehe 10 Mei 1814 Robert Fulton akaleta pantoni ya mvuke iliyoitwa Nassau, na gati likachukua jina lake. Sasa mtu aliweza kufanya kazi Manhattan na kulala Brooklyn. Barabara ya kushukia gatini ikajaa maduka na hoteli.

Na sisi Waunguja tuna chetu hapo. Mwaka 1840 Sayyid Said alipeleka New York merikebu yake Sultana, ikiwa na pembe za ndovu, karafuu, tende, kahawa na mazulia. Mjumbe wake alikuwa Ahmad bin Na'aman. Merikebu ilifika imechakaa, na ikatengenezwa kwenye karakana ya jeshi la majini la Marekani hapo hapo Brooklyn, si mbali na gati hili. Ilirudi Unguja na merikani, ile nguo ya pamba ambayo bibi zetu waliijua kabla ya vitambaa vyote tunavyouza leo.

Turudi gatini. Baridi ya mwaka 1867 barafu ilizuia pantoni, na watu wakataka daraja. Fundi aliyelichora alikuwa John Roebling. Mwaka 1869 alikuwa amesimama gatini hapo hapo Fulton akipima, pantoni ikaja ikambana mguu kwenye nguzo. Akapata pepopunda, akafa. Mwanawe Washington Roebling akashika kazi. Naye akaugua maradhi ya waliochimba misingi chini ya maji, akawa wa kitandani.

Kazi ikamwangukia mkewe, Emily. Alisoma hesabu na habari za nyaya na vyuma, akawa anatoka kila siku na maagizo ya mumewe kwenda kwa mafundi, na kurudi na majibu. Alifanya hivyo zaidi ya miaka kumi. Daraja lilipokuwa tayari mwaka 1883, yeye ndiye aliyetangulia kulivuka kwa gari la farasi, amepakata jogoo. Tulicheka kwa jogoo huyo, kisha tukanyamaza. Mwanamke miaka yote hiyo, na gati lina jina la Fulton.

Lakini kilichotukaa moyoni ni wale wenye maduka. Tarehe 24 Mei 1883 daraja lilifunguliwa, na watu wakaanza kupita juu. Chini, yule aliyekuwa akiuza chai na mkate kwa abiria wanaongoja, nani atamshukia? Duka letu la kwanza lilikuwa njia ya kwenda bandarini. Njia ilipogeuzwa hakuna aliyetufukuza. Wateja waliacha tu kupita. Tulikaa miezi na majora ya satini yanapigwa vumbi, tukiambiana kesho watarudi. Mwisho tuliuza mashine moja kulipa kodi tukahama. Kwa hiyo tukisoma kwamba mtaa wa Fulton Ferry ulififia, hoteli zake zikachakaa, hatuhitaji kuelezwa.

Pantoni hazikufa siku hiyo. Ziliendelea miaka 40 na zaidi chini ya kivuli cha daraja, na abiria wakipungua, mpaka tarehe 19 Januari 1924 safari ya mwisho ikafungwa. Jengo la abiria likabomolewa baadaye. Sasa pembeni kuna bustani, na tangu mwaka 2011 boti za abiria zimerudi upande huo.

Biharusi wetu anasema siku ya picha upepo ulikuwa mkali, shela ikataka kwenda majini, na bibi mmoja asiyemjua akaja kuishika upindo mpaka picha ikapigwa. Upindo ule tuliushona kwa mkono. Haukufumka.