Hadithi Hupaa Kabla ya Roketi

Wasee, tuanze na ile "tatu, mbili, moja" kabla roketi haijapaa. Unadhani ilitoka kwa wanasayansi? Zii. Mwelekezi wa filamu Fritz Lang aliiweka kwa Frau im Mond, filamu ya Kijerumani ya 1929, juu alitaka watazamaji wakae roho mkononi. Wahandisi wakaja kuitumia baadaye.

Rudi nyuma zaidi. Mwaka wa 1865, Mfaransa Jules Verne aliandika riwaya ya watu watatu wanaorushwa kuelekea mwezini kwa mzinga mkubwa. Ukweli ni kwamba mzinga kama huo ungewaponda abiria papo hapo. Lakini Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa hesabu huko Urusi aliyepoteza uwezo wa kusikia utotoni, alisoma Verne na akashikwa. Akakaa chini na kalamu. Mwaka wa 1903 akachapisha hesabu zake: sahau mzinga, tumia roketi inayochoma mafuta ikiendelea kwenda, kasi ipande polepole. Mnamo 1969, watu watatu walienda mwezini kwa roketi. Hadithi yenye makosa ilizaa hesabu sahihi.

Sasa cheki kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, roketi ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini, karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Kwa nini hapo? Ikweta iko karibu, na hapo dunia huzunguka kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa, kwa hivyo roketi inasukumwa bure. Ilibeba setilaiti ya kuchunguza eksirei kutoka angani, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu. Jina letu, bahari yetu, lakini setilaiti ya wenyewe.

Taifa-1, setilaiti yetu, ilipaa Aprili 2023. Kutoka wapi? California.

Watu husema shida ni pesa. Ni kweli, lakini si yote. Wangapi wetu tulisoma shuleni hadithi ya safari ya angani inayoanzia Ngomeni? Mimi sikusoma hata moja.

Kwa hivyo wewe unayeandika hadithi usiku kwa simu na kuzificha, zitoe. Usiogope kukosea fizikia. Verne alikosea. Mwalimu wa hesabu atakuja kukusahihisha, na hapo ndipo roketi huanzia.